Posa ya Rayhana kwa Neno Moja

Niacheni nicheke kwanza, maana kisa hiki hakisimuliki kwa uso mkavu.

Burhani alikuwa msemaji. Si msemaji wa serikali wala wa chama. Msemaji wa posa. Siku za kazi aliuza masanduku ya safari katika duka lake nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko duka lenyewe. Lakini ikifika Jumapili, Mrundi yeyote wa Brussels aliyetaka kuposa, au aliyekuwa na binti wa kuposwa, alikwenda kwake, mtaa wa Laeken, kumbishia hodi. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya Burhani yalimtoa, yakamkalisha sebuleni na kumpa chai.

Na kazi ya msemaji wa upande wa binti, kwa watu wa Bujumbura, ni moja tu: kukataa. Wageni wakija, huwaambii "karibuni, binti huyu hapa." Akh! Utamtoa mtoto kama mtu anayetoa takataka? Kwanza unajifanya hujui wamefuata nini. Halafu unasema hapa hakuna binti. Halafu yupo, ila ni mvivu. Halafu si mvivu, ila ameshachukuliwa na mwenye ng'ombe wengi. Wageni nao wanajibu kwa methali na utani, wanakataa kukataliwa, wanazidi kung'ang'ania, hadi jasho liwatoke na wanawake jikoni wapige vigelegele. Hapo ndipo unakubali. Binti anayetolewa upesi, watu husema alikuwa amewachosha kwao.

Sasa mwaka 2014 zamu ikamfikia mwenyewe. Rayhana, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alipata mchumba. Msichana alikuwa muuguzi wa wazee palepale Laeken. Mchumba aliitwa Abdul-Aziz, fundi wa lifti kutoka Leicester, Uingereza, aliyeletwa Brussels kutengeneza lifti ya mnara mmoja karibu na stesheni. Lifti ilipona lini sijui; ninachojua ni kwamba yeye hakupona. Asili yao ni Tanga, lakini wanaume wa ukoo ule walikulia Leicester na Kiswahili kiliwatoka kitambo. Aliyebaki nacho ni bibi yao mmoja tu, Bi Mwanakombo. Tena kwa desturi yao bwana harusi haendi kwenye posa yake. Wanakwenda wakubwa, na wakubwa hao walikuwa wanajua Kiingereza peke yake.

Rayhana alimjua vizuri mtu wake. Jioni moja akamkalisha kwenye kochi, akamsemesha kwa Kiswahili cha kwao, chenye "njo" badala ya "ndiyo" na Kifaransa katikati.

"Papa, unisikilize bien. Hawa ni watu ba Angleterre. Baba mukubwa yake Aziz njo alimulea, na Aziz hawezi kuoa kama yeye anakatala. Usibachezee sana. Mukikosana ile siku, donc ni basi, imeisha. Na miye ninamupenda."

Neno hilo la mwisho alilisema huku akitazama zulia.

"Mutoto wangu," Burhani akasema, "mimi nimeozesha nusu ya Bujumbura yenye iko hapa. Hii yako njo itanishinda?"

"Beko banasema Kingereza tu, papa."

Mkewe, Naïma, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akashauri watafute mtu wa kutafsiri. Masharubu yakamsimama mwenzenu.

"Musemaji mwenye anasemewa," akauliza, "ni musemaji gani huyo?"

Basi kesho yake akaenda mtaa wa Flagey, kwa Maman Cécile. Huyu alikuwa mama wa Bukavu, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na alikuwa na duka dogo la unga wa muhogo na ndagala, dagaa wakavu wa kwao. Kabla ya kufika Ubelgiji alikaa Kampala miaka mingi, akaokota Kiingereza cha sokoni. Burhani alimweleza shida yake huku ameketi juu ya gunia.

"Papa Burhani, Kingereza haiko nguvu," Cécile akasema. "Bale batu beko na neno moja tu: get. Ile ingine yote ni chumvi ya kuongeza."

"Neno moja?"

"Moja! Ukipata kitu, get. Ukifika, get. Ukielewa, get. Unapanda tramu, get, unashuka, get. Unaamka, unazeeka, unagonjwa, unaoa, yote get. Na mutu akikuchosha, unamufukuza na get."

Burhani alimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Sasa banaelewana namna gani?"

"Na siye tunaelewana namna gani? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga magoti. Ile simu ilikukosea nini, unaipiga kila siku? Bon. Get njo piga ya Bazungu!"

Hapo Burhani akaangua kicheko hadi unga ukamrukia kanzuni. Alielewa. Kama lugha nzima imepigiliwa kwenye msumari mmoja, mtu ashike nyundo tu.

Jamani, wiki zile! Mji ulikoma. Ajuza mmoja wa Kiingereza aliingia dukani, Burhani akamwimbia: "You get big? You get small? You get wheels?" Ajuza akatoka na masanduku mawili na tabasamu. Kwenye tramu watu walipoziba mlango, alipaza sauti, "Get, get, get!" nao wakasogea, wasema Kifaransa kwa wasema Kiholanzi. Pale Flagey siku ya soko mbwa wa watu alinyemelea mfuko wake wa nyama; "Get!" akasema, na mbwa akaelewa, akaenda zake. Nyumbani ndiyo usiseme.

"Get chai?" alimuuliza mkewe.

"Burhani, unaanza kuniudhi."

"Get angry!" akashangilia, kwa maana alikuwa amelipata jipya, na Naïma akamrushia kitambaa cha jikoni.

Mteja mwingine alinyoosha kidole kwenye sanduku la ngozi la kijani lililokaa juu ya rafu tangu siku duka lilipofunguliwa. "Not get," Burhani akasema, mara hii bila kucheka. Hilo halikuwa la kuuzwa. Kwa nini, hata Naïma hakuwahi kuambiwa.

Siku ya posa ikafika, Jumapili alasiri. Teksi mbili zikasimama mlangoni, wakashuka wanaume wanne wenye suti, na Bi Mwanakombo ndani ya buibui, kadogo, meno meupe. Kiongozi wao alikuwa huyo baba mkubwa wa Abdul-Aziz. Jina lake alilitaja mlangoni, lakini Burhani alikuwa ameshamwita Mzee Tai moyoni kwa sababu ya tai yake nyekundu, nami nitamwita hivyo hivyo. Bi Mwanakombo akachukuliwa jikoni kwa Naïma na Cécile, kwenye pilau. Rayhana akafichwa chumbani, kama ilivyo ada. Wanaume wakakaa sebuleni na mlango ukarudishwa.

Mzee Tai alisema maneno machache, makavu, kama mtu wa benki. Katikati yake Burhani akasikia wazi: get married. Moyo ukamruka kwa furaha. Neno lake limekuja lenyewe, kwa miguu yake! Akajivuta mbele, akaweka kofia sawa, akaanza kazi.

"Get who?" akauliza, macho ameyatoa. "Girl? Here not get girl."

Mzee Tai akakohoa, akamtaja Rayhana.

"Ah, Rayhana! Rayhana get lazy. Get sleep, get eat, get sleep."

Wageni wakatazamana. Burhani akangoja methali. Haikuja. Akaona wanaona haya, akaamua kuwasaidia kwa kukaza kamba.

"And Rayhana get man. Rich man! Get many cow." Akainua mkono juu kama hakimu. Kifuani alisikia utamu wa ajabu, kila "hapana" ikimtoka kwa raha kuliko iliyotangulia. "You not get. You get home!"

Akafunga mikono, akasubiri.

Mzee Tai aliweka kikombe mezani polepole. Akanyoosha tai. Akashukuru kwa chai. Kisha wote wanne wakainuka, wakatoka, na mlango wakaufunga taratibu sana.

Lo! Burhani nusura apige makofi. Hawa ni mafundi! Alishaona wageni wanaojibu kwa mafumbo, alishaona waliopiga magoti, hata mmoja aliyeimba. Lakini kuondoka kabisa! Kumbe ndivyo wanavyocheza kule Leicester. Akakaa kitako akitabasamu, akisubiri hodi.

Naïma akachungulia. "Wageni beko wapi?"

"Shh. Beko banacheza."

"Banachezea wapi?"

"Inje."

Ukasikika mlango wa gari, ukafuata wa pili. Injini zikawaka, zikaondoka. Burhani alibaki na tabasamu lile lile usoni, ila halikuwa na kazi tena.

Rayhana alitoka chumbani bila ruhusa ya mtu. "Papa, umesema nini?"

"Nimekatala. Kama kawaida."

"Na umekubali saa ngapi?"

"Bado."

Msichana hakupiga kelele; angepiga, ingekuwa nafuu. Aliteleza chini ukutani, akakaa sakafuni na nguo yake mpya. "Papa, kwao hapana ni hapana," akasema, na machozi yakaanza.

Ni hapo sauti ilipotoka jikoni, Kiswahili cha Tanga kilichonyooka: "Jamani, mbona kimya? Zimebaki sambusa mbili hapa, hazina mwenyewe?"

Bi Mwanakombo! Wamemsahau! Wa teksi ya kwanza walidhani yumo kwenye ya pili, na wa ya pili walidhani yumo kwenye ya kwanza. Bibi alipoelezwa alicheka hadi buibui likamtoka kichwani.

"Wanangu hao! Suti nzuri, macho hamna. Hata kwetu binti hatolewi kwa hodi moja, ila wao wamelelewa na baridi, watajuaje? Nenda baba, wawahi pale Gare du Nord tuliposhukia, kawarudishe. Mimi siondoki hapa kabla ya pilau."

Burhani alitoka na kanzu yake, koti juu, na ndara miguuni. Cécile alinyakua funguo za gari la duka la Burhani, akashika usukani. Wakateremka kutoka Laeken kama wanaokimbizwa, nyuma masanduku yakibingirika kila kona.

"Nitabaambia nini, Maman Cécile? Hotuba yote imekimbia!"

"Get imebaki?"

"Imebaki."

"Bon. Utafika."

Aliingia Gare du Nord mbio, Cécile nyuma yake, kanzu ameishika juu ya magoti, ndara moja ikabaki kwenye ngazi. Wale wanne walikuwa wamesimama chini ya ubao wa treni, hasira zimewapanda hata hawakujihesabu, wakingoja ya kuwapeleka stesheni ya Midi, na kutoka huko London. Kusema "ngojeni" kwa Kiingereza hakujua.

"GET!" akapiga ukelele, na stesheni nzima ikageuka.

Mzee Tai akageuka pia. Alisema pole pole, ili aeleweke, na Cécile akamnong'oneza Burhani, kwamba yeye ni mtu mzima, amefukuzwa mara moja na inamtosha. Burhani akatafuta kichwani. Neno la utani hakuwa nalo. La desturi hakuwa nalo. La samahani lilikuwepo asubuhi, sasa limepotea pamoja na ndara.

"Bujumbura," akasema akijipiga kifua, "father get question, father no. No, no, no! Ha ha. Then father get yes. Always get yes!"

Kijana mmoja kati yao akaanza kutabasamu. Mzee Tai hakutabasamu. Alimkazia macho, akauliza kitu kifupi, na hapo Burhani hakuhitaji Cécile. Swali lilikuwa usoni. Kama ulikuwa mchezo, mbona ulionekana unakataa kweli?

Akasimama palepale na ndara yake moja, na aibu ikampanda. Kwa sababu ni kweli. Katika nyumba za watu alikuwa anakataa kwa mdomo. Leo alikataa kwa moyo. Ule utamu aliousikia pale sebuleni, kumbe ndio huo.

"I get her small," akasema, mkono ukashuka hadi usawa wa kiuno. "Brother get dead. I get her. I get milk. I get school. She get fever, I not get sleep." Akamnyooshea mkono Mzee Tai. "Now you get her. And me? Me get what?"

Cécile akageuka kutazama ubao wa treni, ambao haukuwa unamhusu.

Mzee Tai naye alikuwa amemlea mtoto wa ndugu yake. Kitanda, shule, homa, yote. Akalegeza ile tai yake nyekundu.

"I get it," akasema kwa sauti ya chini.

Burhani hakuuliza maana. Lilikuwa somo la siku ya kwanza.

Wangekumbatiana vizuri zaidi kama Cécile asingeuliza, kwa Kiingereza chake cha Kampala, kama bibi yao wamemsahau Laeken au wamewaachia awe zawadi. Ee Mola! Mngewaona. Huyu anamnyooshea huyu kidole, huyu anamnyooshea yule, Mzee Tai ameshika kichwa kwa mikono miwili. Walikimbilia gari lile wote wanne na suti zao, wakaketi nyuma juu ya masanduku kama mizigo ya watu. Mmoja alitaka kukalia lile la ngozi ya kijani, kwani Burhani alikuwa amelishusha rafuni asubuhi ile na kulipakia bila kumwambia mtu.

"Not get!" Burhani akafoka, na bwana akahama.

Laeken walimkuta Bi Mwanakombo amevua viatu, miguu kwenye stuli. Yeye na Naïma walikuwa wameshapanga mwezi wa harusi, mpishi, na nani asialikwe. Akamtolea Mzee Tai maneno ya Kitanga ambayo hakuelewa hata moja, lakini aliinamisha kichwa kwa kila moja.

Wakakaa upya sebuleni. Rayhana akarudi chumbani, mlango ukiwa wazi kidogo. Mzee Tai akaomba. Burhani akakataa. Mara hii Mzee Tai hakutikisika. Alijikita kitini, akasema wao "not get up" mpaka wapate, na hata wakizeeka hapo, "get old", watazikwa bustanini. Burhani alicheka hadi akalia. Akakataa tena. Wakaomba tena, wote wanne kwa pamoja, na jikoni vigelegele vikaanza.

Sasa ilikuwa zamu ya kukubali. Burhani akafungua mdomo. Neno halikutoka. Akaufunga, akaufungua tena. Yeye, msemaji! Akainuka, akatoka nje.

"Mungu wangu, anaenda wapi tena?" Naïma akanong'ona. Nyuma ya mlango Rayhana alishika kitasa kwa mikono miwili.

Mlango wa gari ukasikika ukifungwa. Burhani akarudi na lile sanduku la kijani, akalifuta vumbi kwa mkono wa kanzu. Rayhana alipofika mji huu, mtoto wa miaka sita, alishuka kwenye treni pale pale Gare du Nord amekumbatia mfuko wa nailoni wa sokoni wenye gauni mbili, na hakukubali mtu yeyote aubebe. Siku ile Burhani aliapa kwamba mtoto huyo akiondoka kwake kuolewa hataondoka na mfuko wa nailoni. Sanduku la kwanza alilonunua kwa ajili ya duka lilikuwa hilo.

Akaliweka mbele ya Mzee Tai.

"Get," akasema.

Rayhana alifungua mlango, ada au si ada, akaja akapiga magoti, akalikumbatia sanduku. Mzee Tai akanyoosha mkono amsaidie kulibeba, Rayhana akatikisa kichwa kukataa. Papa yake akanyoosha wake, naye Rayhana akamwachia alibebe.